Jicho Chini ya Skrubu

Mwizi hakuvunja skrubu. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Inspekta Nola Hruska, kabla hajafungua mdomo kumuuliza mtu yeyote neno.

Skrubu nne za chuma zilikuwa zimepangwa kwenye ukingo wa pampu ya zamani ya petroli, moja kando ya nyingine, kama vijiko vilivyooshwa na kuachwa vikauke. Zilikuwa nyeusi kwa uzee. Mifereji ya vichwa vyake ilikuwa mizima. Hapakuwa na mkwaruzo wa bisibisi iliyoteleza, wala alama ya mkono wenye haraka.

Juu yake, kifuani mwa pampu, palibaki mstatili wa rangi nyekundu iliyong'aa. Kibao cha shaba kilikuwa kimeikinga rangi hiyo na jua la Oklahoma kwa karibu miaka mia. Sasa kibao hakikuwepo.

"Unaona, afande?" alisema Royce Bledsoe, mwenye mali. "Wangenikata mkono ningeumia kidogo kuliko hivi."

Bledsoe alikuwa na ghala kubwa nje ya mji wa Kessler, limejaa vitu vya vituo vya mafuta vya zamani: pampu za mkono, taa za kioo, mabango ya bati, mikebe ya oili. Watu walitoka Texas na Kansas kuja kununua. Jumamosi angefanya mnada, na pampu hii ndiyo iliyokuwa bibi harusi wa mnada wote.

Hakuna mtu wa Kessler asiyekijua kile kibao. Kiliandikwa maneno machache: *Grayson. Kila msafiri hujaziwa.* Enzi za Amos Grayson, dereva mweusi aliweza kuendesha gari kutwa nzima akinyimwa petroli kituo baada ya kituo. Amos, mweusi mwenyewe, alimjazia kila aliyesimama mbele yake. Jioni moja mtu alipita akakipiga kibao risasi. Amos hakukiondoa. Alikifuta masizi akakiacha na mbonyeo wake, watu wausome pamoja na maandishi. Walisema hata yule aliyepiga alikuja siku nyingine tangi likiwa tupu, naye akajaziwa.

Nola alivaa glovu, akazitia zile skrubu kwenye mfuko wa vielelezo.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi. Na Leotha, fundi wangu."

"Mwizi aliingilia wapi?"

"Dirisha la nyuma. Kioo chote chini."

"Unamshuku nani?"

"Vijana wa barabara kuu. Wanaokota shaba popote wakauze kwa chakavu."

Nola hakujibu. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu utoto. Mbele ya watu koo lilimfunga kama mlango wenye bawaba mbovu. Lakini alikuwa ameshagundua kwamba akinyamaza, watu hawavumilii. Wanasema wenyewe, tena zaidi ya walichoulizwa.

Bledsoe alijikuna shingo. "Yaani pampu hii naipenda kuliko gari langu. Bibi Izola Grayson, mjukuu wa Amos, ndiye aliyenipa kwa mkono wake. Niitengeneze, niirudishe mbele ya kituo chao. Akafa kabla sijairudisha, Mungu amrehemu."

"Hukuinunua?"

"Binti, tulipeana mikono. Huku kwetu mkono unatosha."

Nola alimshukuru, akazunguka nyuma. Dirisha lilikuwa limevunjwa kweli. Vipande vya kioo vilitapakaa kwenye nyasi, nje. Ndani, sakafu ilikuwa safi kama sahani. Yeyote aliyepiga kioo hicho alikuwa amesimama ndani ya ghala.

Karakana ilikuwa kibanda cha bati ubavuni mwa ghala. Ilinuka siki mpaka macho yaliwasha. Leotha Grayson, kitukuu wa Amos, alikuwa ameinama mezani akinyunyizia bolti mpya maji kutoka kwenye chupa. Yalikuwa siki, chumvi, na ile dawa ya kuoshea vidonda. Nola akiwa anatazama, bolti zilianza kuwa nyekundu, kama chuma kinaona haya.

"Umekuja kunifunga au kunitazama?" aliuliza Leotha bila kuinua kichwa. "Kama ni kutazama, kalia kiti kile. Hiki kina oili, utaondoka na ramani ya Texas makalioni."

Nola alitabasamu akakaa pale alipoambiwa.

"Hii ni kazi gani?"

"Kuzeesha. Pampu ikikosa bolti, unaweka mpya. Lakini bolti mpya kwenye pampu kuukuu inaonekana kama meno ya bandia kwa ng'ombe. Kwa hiyo unaizeesha ifanane na wenzake. Kutu ikishika, unaikata kwa magadi, unapaka nta. Shaba unaifungia kwenye ndoo na mvuke wa amonia, inatoka kahawia."

"Si udanganyifu?"

Leotha aliweka chupa chini. Sasa alimtazama.

"Inategemea unaacha jicho au huachi."

Alichukua mkono wa pampu uliokuwa tayari, mweusi, umechakaa, mtu angeapa ulishikwa na madereva wa vizazi vitatu. Akafungua skrubu moja. Chini ya kichwa cha skrubu, palipokuwa pamefunikwa, kulikuwa na kiduara cha chuma kinachong'aa, kipya kabisa.

"Hili ndilo jicho. Mafundi wote wa huku tunaliacha, na mzee aliyenifundisha alikuwa anakuvunjia kazi yako ukisahau. Nje tunafananisha, ila atakayefungua kesho aambiwe ukweli. Kipande chochote nilichokizeesha mimi, fungua skrubu, utakuta jicho linakuangalia."

"Bledsoe anajua?"

"Bwana Royce?" Leotha alicheka puani. "Yule hajawahi kushika bisibisi tangu azaliwe. Anashika kipaza sauti."

Nola alimwacha anyamaze kidogo. Leotha hakujaza ule ukimya. Alikuwa wa kwanza wiki ile.

"Uliiba kibao, Leotha?"

"Hapana. Sikuiba."

Alisema hivyo macho makavu, kidevu juu. Nola aliamini kila neno, na bado alitoka pale akiwa na hakika kwamba hajaambiwa yote.

Mchana alikwenda kula, kwa mara ya kwanza, kwa Wendell Oakes, mzee mwenye mkahawa karibu na reli. Aliagiza maharagwe, mkate wa mahindi na kipande cha pai ya pichi. Alipokuwa akila, aligeuka mlangoni, na kijiko kikabaki hewani.

Kando ya mlango ilisimama pampu nyekundu. Kifuani mwake kulikuwa na kibao cha shaba, kahawia, chenye mbonyeo wa risasi. *Grayson. Kila msafiri hujaziwa.*

"Mzee Wendell, hii umeitoa wapi?"

"Kwa Bledsoe, mwaka juzi." Mzee alijifuta mikono kwenye aproni, uso umemchanua. Alieleza kwamba akina Grayson walikuwa na pampu mbili, na Bledsoe alimuuzia hii kwa siri, asimwambie mtu alikoipata, maana matajiri wa Texas wangemzonga. Bledsoe alimwambia kibao cha kweli ni hiki. Kile cha ghalani kiliwekwa kuvutia wateja. Kisha akaeleza kwa nini aliitaka. Baba yake alipita barabara hii na mke mwenye mimba kubwa, amekataliwa petroli mchana kutwa, na Amos Grayson akamjazia na kumpa maji. Mimba ile ilikuwa Wendell. Kila asubuhi kabla ya kufungua mkahawa alipitisha kidole kwenye ule mbonyeo.

Nola alijua kitakachofuata, na hakukipenda. Aliomba ruhusa, akachukua kisu cha meza, akafungua skrubu moja taratibu.

Jicho lilimtazama, safi, la njano, linang'aa.

Alifungua nyingine ili akione kibao mgongoni. Kilikuwa tambarare. Risasi ikigonga shaba mbele, nyuma lazima pavimbe. Hapa hapakuvimba kitu. Mtu alichukua kibao cha kweli, akakitengenezea kalibu ya upande mmoja, akamimina shaba.

Mzee Wendell alikuwa amesimama nyuma yake, ameona yote. Alishika kiti.

"Rudishia skrubu, mwanangu," alisema mwishowe. "Wateja wanaingia."

Pai iliachwa mezani.

Ijumaa asubuhi Mkuu wa polisi wa kaunti, Dwight Haskins, alimwita Nola ghalani. Alikuwa anacheka, mkono begani kwa Bledsoe. Kibao kimepatikana, alisema. Bledsoe mwenyewe alikiona mtaroni, vijana wamekitupa baada ya kuogopa. Tayari kilikuwa kifuani mwa pampu, kimekazwa.

Nola aligusa skrubu. Kidole kilirudi chekundu, kama amechovya kwenye pilipili ya kusaga. Kutu ya zamani ni nyeusi na imeshikamana na chuma, haitoki hivyo. Hii ilizaliwa jana.

"Skrubu hizi?"

"Zangu, za sandukuni," alisema Bledsoe. "Zile nyingine si mnazo ninyi? Nikazizeesha mwenyewe, fundi kanigomea."

"Naomba nikitoe kibao nikiangalie."

"Baada ya mnada, binti. Nimekwisha kukipaka nta."

Nola alimtazama Haskins. Mkuu alimpa ishara ya kichwa kwamba imetosha. "Mwenye mali amepata mali yake. Funga jalada, Hruska. Kazi nzuri."

Maneno yalimjaa Nola kinywani. Alitaka kusema kuhusu mkahawa, kuhusu kioo kilichoangukia nje.

"Ndiyo, Mkuu," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kesi nyingi za kaunti ile alizitatua yeye, lakini ikifika saa ya kumkamata mtu alirudi nyuma hatua moja, na Haskins akatangulia, akatunisha kifua, akatamka yale maneno mbele ya kamera ya gazeti. Nola hakuwahi kuyatamka. Hata chuoni, walipofanyishwa mazoezi, aliyanong'ona, mwalimu akamwambia mshukiwa wake keshafika Mexico.

Alikaa ndani ya gari bila kuwasha injini, akafikiri.

Bledsoe alikuwa amekaa katika biashara hii maisha yake yote. Aliziona zile skrubu nne zimepangwa. Hata kama hakushika bisibisi, alijua mikono ya nani mjini Kessler inaweza kulegeza chuma cha miaka mia bila kukiumiza. Mtu aliyeibiwa na kumjua mwizi humtaja kabla polisi hajashuka garini. Bledsoe alitaja vijana wa barabara kuu, tena akavunja dirisha lake mwenyewe ili waonekane. Kwa nini mtu amlinde mwizi wake?

Kwa sababu mwizi akisimama mahakamani ataulizwa kazi yake ni nini. Na atajibu.

Nola aliwasha injini. Na fundi anayesema hakuiba, kilichopaswa kurudi atakuwa amekirudisha; sasa alijua pa kwenda. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekwenda kabla yake.

Kituo cha Grayson kilikuwa kwenye barabara ya zamani, paa limeanguka, magugu yamefika madirishani. Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama. Na katikati yake, ukitazama barabara, kilikuwepo kibao cha shaba. Hakikufichwa hata kidogo. Magari yalipita pale kutwa, na hakuna dereva aliyegeuza shingo.

Kilikuwa kimeshikwa kwa skrubu nne mpya, zinazometameta. Fundi aliyeweza kuzeesha chochote hakuzizeesha hizi.

Nola alifungua tatu, akakizungusha kibao kwenye ile ya nne. Mgongo ulikuwa mweusi mpaka pembeni, na chini ya skrubu hapakuwa na jicho. Nyuma ya mbonyeo shaba ilikuwa imevimba kama kifundo cha kidole. Risasi iliingia lakini haikupita.

Akapiga picha. Akakirudishia, akakaza skrubu kwa uangalifu, akaondoka.

Jumamosi ghala lilijaa kofia. Nje walichoma nyama ya ng'ombe, moshi ukaingia mpaka kwenye viti. Haskins alikaa mstari wa mbele na sahani magotini, mpiga picha wa gazeti kando yake. Mzee Wendell alikuwepo pia, amevaa suti ya kanisani. Leotha alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani.

Bledsoe alikuwa jukwaani na kipaza sauti, bei zikimtoka kinywani kama mahindi ya kukaanga. Pampu ilipoletwa, watu walisimama. Aliwasimulia habari za Amos, risasi, petroli. Aliisimulia vizuri, mwanamke mmoja alitoa leso.

"Iko moja tu duniani," alisema. "Nani ananianzia?"

Nola aliinua mkono.

"Afande naye anataka! Kaunti imeongeza mishahara?"

Ghala lilicheka. Nola alikuwa tayari anatembea kuelekea jukwaani, masikio yakiwaka moto. Alipofika kwenye pampu akagundua kwamba hana kitu mkononi. Alitaka kuomba, sauti ikagoma. Watu walianza kunong'onezana. Haskins aliacha kutafuna.

Kisha akasikia viatu vizito vikija kutoka mlangoni. Leotha alipanda, akamtolea bisibisi yake, mpini mbele, kama mtu anavyompa mwingine kisu.

"Mkuu, huyu anafanya nini?" alisema Bledsoe.

Skrubu ya kwanza ilitoka, ikaacha unga mwekundu kwenye vidole vya Nola. Jicho likang'aa chini ya taa za ghala, hata mstari wa tatu waliliona. Ya pili, ya tatu, ya nne. Macho manne. Nola alikigeuza kibao, akampelekea mzee Wendell. Mzee alipitisha kidole mgongoni, akatikisa kichwa, akampa jirani yake. Kikaenda mkono kwa mkono.

"Muulizeni huyo!" Bledsoe alimnyooshea Leotha kidole, kipaza sauti bado mdomoni, ghala zima likimsikia. "Yeye ndiye anayezeesha. Mwizi ni yeye. Tangu asubuhi ile nilijua ni yeye."

"Ulijuaje?" aliuliza Nola. Ilikuwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kiliinasa.

"Zile skrubu. Nani mwingine angezitoa vile?"

"Basi dirisha ulilivunjia nini?"

Bledsoe alishusha kipaza sauti.

Leotha ndiye aliyesema. Alisema bila kupaza sauti, na watu wakanyamaza ili wamsikie.

"Nimekichukua mimi. Skrubu niliziacha makusudi, nilitaka ajue. Aliniletea shaba mpya akasema kibao kimeanza kupasuka, tutengeneze cha akiba. Nikazeesha. Akaleta kingine, nikazeesha. Nilidhani vinakaa sandukuni, mpaka nilipokwenda kwa Wendell kula nikamwona mzee anapapasa mbonyeo niliouzeesha kwenye ndoo. Nilirudi nyumbani sikula siku hiyo. Kibao cha babu yangu mkubwa kilipigwa risasi, naye hakukishusha. Mimi nikakishusha hadhi kwa ndoo ya amonia."

Akaelekeza kidole upande wa barabara ya zamani.

"Nimekirudisha nyumbani kwake, kwenye ukuta wa kituo. Si kuiba huko. Bibi Izola alimpa huyu atengeneze na kurudisha, hakurudisha, nimemsaidia. Kama kuna pingu, mikono hii hapa, afande. Lakini radhi siombi. Leo siombi na kesho siombi."

Bledsoe aliwatazama watu wake, zile kofia zote. Labda alidhani bado anaweza kuwauzia kitu.

"Mnanitazama hivyo kwa nini?" alisema. "Nani kati yenu alikuja hapa kununua chuma? Mlikuja kununua hadithi. Hadithi moja isingewatosha, nikampa kila mtu yake. Wendell alifurahi miaka miwili. Nani alimpa furaha hiyo? Mimi."

Mzee Wendell alivaa kofia yake polepole.

"Kila asubuhi, Royce," alisema. "Kila asubuhi niliigusa."

Haskins alikuwa ameinuka, anapangusa vidole. Alimwona mpiga picha akiweka kamera tayari, akalainisha sauti. Alimwambia Nola amchukue fundi. Amekiri mbele ya watu, huo ni wizi. Habari za Bwana Bledsoe watazizungumza ofisini, kwa utulivu.

"Bledsoe alikiri kwangu kwamba pampu hakuinunua," alisema Nola. "Alipewa airudishe."

"Hruska. Mchukue fundi."

Nola aliigeuza bisibisi mkononi. Akamrudishia Leotha, mpini mbele. Kisha akatoa pingu kiunoni.

Koo lilianza kufunga, kama siku zote. Alisubiri hatua za Mkuu zimpite, kama siku zote, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba akirudi nyuma sasa hatua hizo zitakwenda kwa Leotha, si kwa anayestahili pingu. Alisogea mbele, mpaka karibu kabisa na kipaza sauti, na yale maneno ambayo hakuwahi kuyasema yakatoka hadi mlangoni, hadi nje kwenye moshi wa nyama:

"Royce Bledsoe, uko chini ya ulinzi."